Refa na Fimbo za Watu

Refa alipiga watu wengi kuliko mtu yeyote niliyepata kumfahamu Karatu, na karibu wote aliwapiga ili wasipigane. Hata mimi alinipiga, mara moja tu, kofi zito la mgongoni, kwa sababu nilikataa kukaa mahali aliponiambia nikae. Nilikuwa mtu mzima, nimevaa sare ya zahanati, sanduku la dawa liko miguuni. Akasema, "Nesi, hapa hakuna nesi. Kuna aliyekaa na asiyekaa." Nikakaa. Pale aliponikalisha ndipo nilipokaa kila mechi kwa miaka kumi na moja.

Jina lake nililijua, maana liliandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, lakini hakuna aliyelitumia, hata mkewe. "Refa, chakula tayari." "Refa, ng'ombe kaingia kwenye maharage." Siku za kawaida alikuwa mkulima kama sisi wengine wa Rhotia. Siku za mnada alisimama kwenye lango la zizi pale Karatu, kuhakikisha ng'ombe anayetoka ni wa yule anayemtoa. Mnada ukiisha alivua koti, chini yake ana jezi nyeusi iliyopauka, akavuka barabara kwenda uwanjani. Kipyenga alikitundika shingoni pamoja na rozari, na siku nyingine akitaka kupuliza alishika msalaba kwanza.

Mechi ilikuwa moja tu iliyohesabika: Rhotia na Wamaasai. Wao waliteremka kutoka Ngorongoro na ng'ombe wao, wengine wakitoka mbali zaidi, Loliondo huko, wakauza, kisha wakaja mpirani na fimbo zao kama walivyo. Sisi Wairaqw, au Wambulu kama wengine wanavyotuita, tulifika kwa bodaboda na kwenye malori ya mahindi, na msidhani tulifika mikono mitupu. Mtu wa Rhotia alikuwa akienda kuangalia mpira na panga, ukimuuliza anakwambia atapitia shambani. Shamba lenyewe liko upande mwingine wa kijiji.

Kabila la Refa hatukulijua. Akiongea Kiiraqw, wazee wetu walisema huyu kanyonya hapa hapa. Akiongea Kimaasai, wauza ng'ombe walicheka kwa raha na kumwita kwa rika lao. Siku moja kilabuni mfanyabiashara mmoja wa maharage alimng'ang'ania: "Lakini Refa, wewe hasa ni kabila gani?" Refa aliweka kikombe chini taratibu, akainuka, akamtandika ngumi moja ya taya. Asubuhi yake alimleta yule bwana zahanati akiwa amemshika mkono kama mgonjwa wake, akasimama pembeni nikimwangalia taya, akaniambia, "Muulize kama bado anataka kujua." Yule bwana alitikisa kichwa. Kuongea alikuwa hawezi.

Hiyo ilikuwa desturi yake na iweke akilini. Aliyepigwa na mwingine aliletwa na ndugu zake. Aliyepigwa na Refa aliletwa na Refa. Alimbeba mabegani kama hawezi kutembea, alimsukuma kama hataki, akanikabidhi na kusema, "Huyu ni wangu." Sikumsikia hata mara moja akisema amekosea. Ila nilipomshona mtu alikaa hapo hapo akitazama sindano mpaka nimalize, na jasho likimtoka yeye kuliko anayeshonwa.

Mtu huyo huyo hakuweza kuchinja kuku. Mkewe ndiye aliyechinja, naye Refa alikwenda nyuma ya nyumba akajifanya anatafuta jembe. Tulimcheka sana kwa hilo, naye alitukana. Alitukana kila kabila kwa lugha yake, kwa kipimo kilekile. Mbulu alimwambia ana roho ya panya ghalani, Mmasai alimwambia anajua kuhesabu ng'ombe ila hajui kuhesabu mpaka kumi na moja, ndiyo maana timu yake inaingia na watu kumi na tatu. Watu walicheka wakati anawatukana wenzao na kununa ilipofika zamu yao.

Kwenye banda la kuonyeshea mpira wa Dar, mtu wa jezi nyekundu na mtu wa jezi ya njano wanabanana benchi moja, wanatukanana mpaka povu, mpira ukiisha wanapanda bodaboda moja kurudi nyumbani. Nilimuuliza Refa mbona kwetu haiwi hivyo.

"Timu ya Dar umeichagua," akasema. "Ukiichoka unaihama, wanakucheka wiki moja, yameisha. Hii ya hapa umezaliwa nayo. Mtu akiifunga anakuwa kamfunga mama yako."

"Sasa dawa yake nini?"

"Dawa unayo wewe kwenye sanduku. Mimi nina viti tu."

Viti hakuwa navyo pia. Alikuwa na majani ya ukingoni mwa uwanja. Lakini hakupuliza kipyenga mpaka watu wamekaa anavyotaka yeye: Mbulu, Mmasai, Mbulu, Mmasai, kama unavyopanda mahindi na maharage kwenye shamba moja. Alipita mstari mzima akihakikisha. Aliyejisogeza kwa ndugu yake alivutwa kwa sikio. Mzee mmoja wetu alimwambia kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Refa akamjibu kwamba amesimama langoni mwa zizi nusu ya maisha yake, fahali wawili wanakaa vizuri tu ukijua wa kumweka katikati. Halafu akamkalisha mzee yule katikati ya morani wawili.

Na fimbo. Ukishakaa, unampa jirani yako fimbo yako, naye anakupa yake. Mmasai anashika panga la Mbulu, Mbulu anashika fimbo ya Mmasai, mpaka mwisho wa mchezo. Wageni waliona mzaha. Sisi tulijua kazi yake. Fimbo ya mtu si mti tu. Kaitafuta mwenyewe, kaipaka mafuta, pengine kapewa na babake. Ukishaishika kwa dakika tisini unaogopa kuivunja, na yeye anaogopa utaivunja, basi kila mmoja anamtazama mwenzake kwa adabu. Ugomvi ulizuka bado, nisidanganye. Nimeshona nyusi, nimetoa meno yaliyoning'inia, kuna aliyeng'atwa sikio na ndugu yake wa damu kwa kushangilia goli la upande mwingine. Lakini toka fimbo zianze kubadilishanwa hakufa mtu.

Aliyekufa alikufa kabla. Alikuwa kaka yangu, Tluway.

Siku zile Refa alikuwa na utaratibu mwingine. Fimbo, marungu na mapanga vyote viliwekwa lundo moja pembeni, karibu na bendera ya kona, na watu walikaa kila kabila upande wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyebaki na silaha, rungu fupi jeusi lililochomekwa kwenye mkanda, lenye nati ya lori kichwani. Mzee mmoja wa Kimaasai alimpa mnadani. "Refa asiye na kitu ni mapambo," alisema. Refa alilitumia kwa kiasi, kugonga mabega na vifundo vya miguu, naye alikuwa na shabaha.

Tulikuwa sare. Mchezo uko mwishoni, mshambuliaji wao akapiga shuti linalokwenda nje kabisa, nje ya kila kitu. Wakati huo huo fahali mmoja aliyetoroka mnadani alikuwa anakatiza nyuma ya kipa wetu, kichwa chini, hana habari na mtu. Mpira ukampiga ubavuni ukarudi ndani ya goli. Refa akatazama fahali, akatazama mpira, akanyoosha mkono katikati ya uwanja: goli.

Kipa wetu alimfuata akilia kwa hasira. "Refa, ni ng'ombe! Ng'ombe wao!"

"Ng'ombe yuko uwanjani," Refa akasema. "Angekuwa mti ungesemaje?"

Nadhani hata yeye alijua ni upuuzi, ila alikuwa mtu wa kutorudisha mkono akishaunyoosha. Watu wa Rhotia wakainuka. Wamaasai wakainuka. Na wote, kwa akili moja, wakakimbilia kwenye lundo.

Vita vilinifika masikioni kabla ya machoni, ule mlio wa mti ukigonga mfupa, mkavu, tena na tena. Mtu alipita mbele yangu akishikilia vidole vyake kwa mkono mwingine. Mama mmoja muuza maandazi alikanyagwa mpaka akavunjika nyonga. Panga liliingia begani mwa kijana wa Kimaasai na kubaki hapo, naye akawa anageuka geuka akitafuta nani amelishika, na hakuna aliyelishika. Mawe yaliruka. Mimi nilipiga magoti kwenye sanduku langu na kufunga kila kilicholetwa, bila kuuliza ni cha nani.

Kisha Refa akaja na Tluway mabegani. Akamlaza mbele yangu. Hakusema kitu. Uso wake ulikuwa wa majivu, akasimama hapo akitazama mikono yangu.

Kaka yangu alikuwa bado anapumua. Juu kidogo ya sikio kulikuwa na tundu dogo lenye kingo, limeingia ndani. Fimbo inachana. Jiwe linaponda. Panga linajulikana. Lile lilikuwa la nati, na mimi, niliyejisifu zahanati nzima kwamba naweza kukuambia kabila la mpigaji kwa kutazama kidonda, niliinua kichwa nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Hili ni rungu la Kimaasai."

Kama nikifa na kuulizwa neno moja ninalotaka kulirudisha, ni hilo.

Katika Wamaasai waliokuwa karibu na lundo, mmoja alijulikana kwa rungu lenye nati. Alikuwa Saning'o, mtu wa Arash, kule Loliondo, aliyeoa huku juu Ngorongoro, muuza ng'ombe, mpole kwa tulivyomjua. Tluway alikufa siku ya tatu hospitalini bila kufumbua macho. Siku hiyo hiyo Saning'o alikuwa mahabusu, na vijana wetu walikuwa wamekwenda njiani kulikokuwa na ng'ombe wake aliokuwa hajauza. Hawakuwaiba. Waliwakata mishipa ya miguu ya nyuma kwa mapanga, mmoja mmoja, wakawaacha wakijaribu kusimama. Tulisikia walilia mpaka mchana wa pili. Aliyeniletea habari hiyo nilimpa chai na maandazi, nikamkalisha anisimulie upya. Nilifurahi. Sitaki mtu aniambie kwamba ilikuwa huzuni tu, nilifurahi.

Saning'o aliachiwa baada ya miezi kwa sababu hakuna aliyeona. Rhotia ikasema Wamaasai wamehonga. Mwaka mzima hakukuwa na mechi, ila kulikuwa na kuviziana, kuchomewa maboma, watoto kurudishwa njiani. Mtu alipanda bodaboda kwa kuangalia kwanza masikio ya dereva, yametogwa au la.

Aliyerudisha mpira ni Refa. Alizunguka Rhotia nyumba kwa nyumba, akapanda Ngorongoro boma kwa boma, anatukana, anapigwa, anapiga, anarudi. Safari moja alirudi na mbavu mbili zimevunjika na hakusema ni za upande gani. Ndipo yakaja hayo ya kukaa kwa kuchanganyika na kushikiana fimbo. Yeye mwenyewe aliingia mikono mitupu, rungu hatukuliona tena, akawa anatumia makofi na mateke. Tulisema anatupa mfano. Padri alilisema hilo kanisani, Refa akiwa benchi la mbele amelala usingizi, kama kawaida yake.

Mechi ya kwanza ndiyo ile niliyopigwa kofi la mgongoni. Alikuwa amenionyesha mahali, na aliyekuwa amekaa pembeni ya mahali hapo ni Saning'o.

"Siwezi," nilisema.

"Ndiyo maana nakuweka hapo."

"Huyu kaniulia kaka yangu."

Refa akatazama chini kidogo, kisha likaja lile kofi. Nilipokaa, Saning'o alinyoosha fimbo yake bila kunitazama. Fimbo ya kawaida, ndefu, rungu hakubeba tena. Mimi sikuwa na fimbo, mwanamke wa zahanati atapata wapi. Nikampa mwavuli. Akaushika kwa mikono miwili, wima katikati ya magoti, na alikuwa kichekesho kwa namna fulani, lakini sikucheka.

Miaka kumi na moja nilimshikia fimbo na yeye akanishikia mwavuli. Mvua ikinyesha aliufungua akanifunika, nusu yake mwenyewe ikibaki nje. Tulisalimiana, "Nesi," "Saning'o," basi. Nilikuwa nikiishika ile fimbo nawaza jinsi ingekaa kichwani mwake. Kuna siku niliota nikifanya hivyo, nikaamka nimekunja ngumi. Mwaka wa nne au wa tano chuki ikaanza kuchoka yenyewe, kama mtu aliyebeba gunia mbali mno, lakini kuiweka chini sikuiweka. Mama yangu alikuwa hai na alikuwa akiniuliza kila nikirudi: "Alikuwepo?" Nikimwambia alikuwepo, anatema mate chini.

Refa alimlimia mama kila mwaka. Mvua za kwanza zikinyesha alikuja na maksai wake na plau, analima shamba lote, anaondoka. Chakula hakuonja. Maji alikunywa akiwa amesimama. Mama alimwombea kwa jina la Refa, kila jioni kabla ya kula: "Mungu mlinde Refa, asiyesahau yatima na wajane." Alikufa akiwa anamwombea.

Nilipata kumuuliza mwenyewe kwa nini anajisumbua. Akasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sikuona linahusianaje na kulima. Alikuwa na mazoea ya kutupa methali usoni mwa mtu ili asiulizwe zaidi, nikaiacha.

Kiharusi kilimpata mwaka jana, akiwa langoni mwa zizi. Mkono na mguu wa kulia vikaenda, na nusu ya mdomo. Nikawa napita kwake kumpima presha. Mchana mmoja mkewe alikuwa nje anapepeta maharage, mimi nimeshafungua kile kitambaa cha mkononi, Refa akasema kwa ule mdomo wa upande mmoja:

"Lile goli."

"Goli gani?"

"La ng'ombe. Halikuwa goli."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikafuta machozi, maana miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kumtajia fahali yule. Nikamwambia, "Haya, Refa, nimekusikia, nitawaambia Rhotia tulitoka sare."

Hakucheka. Akaonyesha kwa mkono mzima nyuma ya mlango, palipokuwa na mfuko wa mbegu. "Fungua."

Chini ya mahindi kulikuwa na lile rungu jeusi. Nati ilikuwa imeshika kutu.

"Hili ni lako la zamani," nikasema.

"Unajua kwa nini niliacha kulibeba?"

"Ulikuwa unatupa mfano."

"Mfano," akasema. Akatafuta pumzi. "Tluway nani alimleta kwako?"

"Wewe. Nakumbuka."

"Wewe unajua watu ninaowaleta mimi, Nesi."

Nilibaki nimeshika rungu. Nje ungo wa mkewe uliendelea, chwa, chwa, chwa. Aliendelea kuongea, maneno yakitoka mafupi mafupi, na mengine nilimwomba ayarudie ingawa nilikuwa nimeyasikia. Kaka yangu alifika kwenye lundo wa kwanza. Aliinama kuchukua panga. Refa alilenga bega, kama alivyolenga mabega ya watu siku zote. Tluway akainuka.

"Nikakuletea," akasema. "Nilijua utatazama utajua. Ungesema 'Refa,' basi ningekaa hapo wanimalize. Wewe ukasema rungu la Kimaasai. Watu wakakimbia. Mimi nikanyamaza."

"Miaka yote?"

"Siku ya kwanza niliogopa. Baadaye nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza."

Nilimpiga. Mimi, nesi wa miaka ishirini na ushee, nilimpiga mgonjwa wa kiharusi kofi la uso kitandani kwake, kichwa kikageukia ukutani. Akakirudisha taratibu.

"Upande huo umekufa," akasema. "Piga huku."

Nikashindwa. Nilikaa chini kwenye sakafu nikalia, namlilia Tluway, namlilia mama na sala zake, nawalilia na wale ng'ombe. Alikuwa amelichomeka rungu kwenye mkanda mbele ya uwanja mzima. Kila mtu alikuwa akiiona ile nati. Lakini Refa hakuwa na upande, na asiye na upande hata silaha yake hatukuihesabu.

"Nilitaka nikasimame uwanjani niseme," aliniambia nilipotulia. "Mdomo umekataa. Sema wewe."

"Nikisema lako nitasema na langu."

"Ndiyo," akasema. "Hapo sasa."

Alikufa siku chache baadaye. Kaburini watu walijaa, wetu na wa Ngorongoro, wamekaa kwa kuchanganyika bila kuambiwa. Padri alisema heri wapatanishi. Wazee wa Kimaasai waliweka majani mabichi. Nilisimama na rungu nimelifunga ndani ya kanga, nimekuja nimejiandaa, na mdomo wangu mzima, usio na kiharusi, ulikataa kufunguka. Nilimtazama mjane nikasema si leo. Ni rahisi sana kusema si leo.

Siku ya mnada uliofuata kulikuwa na mechi. Refa mpya ni kijana mwalimu wa shule, anajua sheria, ana kadi za rangi zote. Saning'o alikuwa mahali petu. Amezeeka, ng'ombe hakuwahi kupata tena wengi kama wale. Akanyoosha fimbo yake, nami nikaipokea. Kisha, badala ya mwavuli, nikafungua kanga nikampa rungu.

Aliligeuza mara moja. Kidole gumba kikapita juu ya nati.

"Kwa hiyo alisema," akasema.

"Ulijua?"

"Nilikuwa nimesimama pale." Alionyesha hatua tatu mbele yetu, kwenye majani. "Polisi niliwaambia. Walicheka. Walisema Refa ndiye aliyekuwa anaamulia."

"Na mimi? Miaka kumi na moja umekaa hapa, Saning'o. Mbona hukuniambia mimi?"

Alitazama uwanja. Wachezaji walikuwa wameshajipanga.

"Ningekuambia mimi, Nesi," akasema, "ungesema nini?"

Nilijua ningesema nini. Ningeinuka hapo hapo na kupaza sauti kwamba Mmasai sasa anamsingizia Refa, na watu wa Rhotia wangeniamini, kama walivyoniamini mara ya kwanza.

Nikamwomba rungu. Akanipa. Nikasimama, nikaingia uwanjani na viatu vyangu vya zahanati, watu wakaanza kunong'ona kila mmoja kwa jirani yake. Yule refa kijana alikuwa ameshaweka kipyenga mdomoni. Nikamwambia angoje kidogo.